Kijani

Saa tatu kamili ubao huamka,
ukuta mzima wa tarakimu kama siafu waliomwagiwa maji.
Nimetoka sokoni, kucha zina udongo wa figili.
Nasukuma kapu chini ya kiti cha plastiki,
na Mzee Chuang, bila kugeuka:
"Funika mboga hizo, A-luan. Zina mkosi."

Maana hapa Tainan nyekundu ndiyo kupanda,
kijani ndiyo kushuka,
na mimi nimelea watoto watatu kwa kijani:
mchicha, kabichi, majani ya vitunguu.
Nafunika kwa gazeti. Sitaki lawama.

Siku za jua tuko kumi na wawili,
siku za mvua saba,
ghorofa ya pili juu ya gereji ya pikipiki,
na kila mtu na dini yake.
Bi Hsu hununua chochote mkwewe alichokataza.
Kuo, kijana wa kupeleka vyakula, helmeti mapajani,
huchora mistari kwenye simu;
grafu, asema, ina mabega na kichwa,
kichwa kikikatika, kimbia.
Mwalimu Tseng, mstaafu, haangalii bei.
"Mimi nala gawio. Ng'ombe wa maziwa hachinjwi
eti leo nyama imepanda."
"Na akikauka?" auliza Kuo.
"Nitakuwa nimekunywa miaka ishirini. Wewe umekunywa nini?"
Tunacheka. Kuo anachelewa kucheka.

Chuang yeye ni meli za makontena.
Alikuwa mpakizi bandarini Kaohsiung,
huzitambua kwa honi.
"Dunia," husema, "haiwezi kuacha kubeba."
Daftari lake lina kila hisa, tarehe, bei, hata hali ya hewa.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
yake ilipotea na habari zake zote,
kwa mwandiko mzuri.

Ilikuwa Jumatatu.
Ubao ulianza kijani ukaendelea kijani
kama shamba la mpunga baada ya mvua.
Ningekuwa sijui kusoma, ningesema: pazuri!
Hakuna aliyenena. Feni tu.
Bi Hsu alimenya chungwa akasahau kulila.
Kuo alitoka ngazini kupiga simu, hakurudi.
Mwalimu alifumba macho; habari za maziwa sikuuliza.
Saa tano na robo Chuang akasimama,
akaenda hadi dirisha la karani,
akauza zote,
kwa sauti ya mtu anayeagiza supu.

Nami, viti viwili kutoka kwake,
kwa kidole chenye udongo,
kwenye simu kuukuu ya binti yangu,
nilikuwa nimeweka oda. Meli zake zilezile.
Miezi kumi nilimsikiliza,
nikaja kumwamini siku aliyoacha kujiamini.
Oda ilijaa saa tano na dakika kumi na saba.

Sijui kama zilikuwa zake.
Soko halitaji majina,
na hisa haina jasho la mkono ulioiachia.
Lakini usiku ule nilihesabu dakika mbili zile
mara nyingi kuliko nilivyohesabu faida.

Bei ilirudi. Ikapita ilipokuwa.
Chuang bado anakuja. Hana hata hisa moja.
Kiti kilekile, birika lilelile,
na wageni anawashauri wawe na subira,
bila haya, kama kibogoyo anayesifia muwa.
Meli zikipanda hunigeukia: "Nilisema."
"Ulisema," najibu,
na ulimi wangu unakuwa mzito kama gunia la mvua.

Ijumaa iliyopita nilimpa kabichi.
"Kiasi gani?"
"Bure. Zimebaki sokoni."
Akanitazama kidogo, kuzidi kabichi moja.
Kisha akaipokea,
akaifunika mwenyewe kwa gazeti, kingo zote nne,
kwa ajili yetu sisi
ambao bado tuna cha kupoteza.