Kadi Iliyofanya Kazi Usiku

Bosire alizipanga tatu juu ya kioo cha kaunta
kama mwuza samaki anavyopanga kambare,
mgongo huku, tumbo huku.
Nje, Nakuru ilikuwa na vumbi lile jeupe
linaloingia hata ndani ya sukari.

Nilikuwa na elfu thelathini na nne kwenye soksi
na hesabu nyuma ya risiti ya unga:
wati ngapi, yuniti ngapi, siku ngapi
hadi kadi ijilipe, kisha ianze kunilipa.

Ya kwanza ilimetameta. Feni tatu, taa za rangi,
harusi nzima ndani ya boksi.
Nikauliza inakula nini. "Wati mia tatu," akasema,
akitazama pembeni kama mtu anayetaja mahari.
Nikairudisha polepole. Kwetu Lanet
stima hukatika jirani akipiga pasi.

Ya pili bei yake ilinitabasamia,
lakini giga nne tu, na daftari la sarafu hizi
linanenepa kila mwezi. Haliingii tena humo,
kiatu cha darasa la tatu
kwenye mguu wa kijana aliyebalehe.

Ya tatu haikuwa na boksi.
Niliinusa kwanza. Ndiyo, huwa nazinusa:
kadi iliyoungua ina harufu
ya maharagwe yaliyosahaulika jikoni.
Hii ilinuka vumbi, na mafuta kidogo.
Nikasukuma feni kwa kidole; ikazunguka, ikakwaruza,
ikazunguka. Skrubu zake zilikuwa na makovu.
Kuna aliyewahi kuifungua, akaifunga kwa haraka.

"Wacha nikwambie ukweli," Bosire akasema
(na mtu wa duka akianza hivyo, shika soksi yako),
"hii imechimba miezi kumi na minane bila kulala.
Ilikuwa ya kijana wa Milimani. Wengi hawaitaki.
Kadi iliyofanya kazi usiku, wanasema, imekwisha."

Nikasimama na lile neno.

Mama alisuka blanketi kiwandani, zamu ya usiku,
miaka ishirini na miwili. Alfajiri aliingia
na nyuzi za kijivu kwenye nyusi,
akatupikia uji, akatuvalisha sweta,
ndipo akalala, sisi tukiondoka.
Nani angemchagua yeye kaunta ile,
kwa macho ya hao wengi?

Nililipa elfu kumi na tisa. Hakunipa risiti.

Sasa imekaa kwenye kreti ya soda, chumba cha nyuma,
inavuma kama nyuki wanaogombania urithi.
Wahenga walituachia neno kuhusu mchimba kisima;
kuhusu mchimba sarafu, walinyamaza.
Basi nahesabu mwenyewe:
inaingiza sabini na nane kwa siku,
stima inachukua sabini na tano.
Shilingi tatu. Hata kiberiti hazinunui.

Lakini upepo wa Menengai ukishuka usiku wa Julai
Mama huleta kigoda, huielekezea miguu,
miguu ile iliyovimba mishipa kwa kusimama,
na hufuma, kimya, mbele ya pumzi yake ya moto.

"Hii inalala saa ngapi?" aliniuliza juzi.
Hailali, Mama.
"Hata Jumapili?"
Hata Jumapili.
Akaitazama ile feni inayokwaruza, asiseme kitu,
akahesabu vitanzi vyake upya.

Leo nimeamka nikasikia kuku wa jirani,
nikajua kuna sauti iliyopungua nyumbani.
Swichi ya ukutani imezimwa.
Juu ya kreti, kipande cha blanketi la kijivu,
lile alilopewa siku ya kustaafu,
kimeingizwa pembe zote nne
kama afunikwavyo mtoto mwenye homa.

Nikaweka kidole kwenye swichi.
Nikakiondoa.