Pumzi Mbili

Chumba changu Nyalenda ni futi kumi kwa kumi.
Ukitoa kitanda, ukitoa meko ya gesi,
ndoo mbili za maji na kabati la marehemu shangazi,
panabaki mahali pa amplifaya moja.

Moja. Nami moyoni nina mbili.

Ya kwanza iko Kibuye kwa fundi Ogalo,
chini ya turubai, kati ya pasi zilizokufa na feni isiyo na shingo.
Uso wa bati, mbavu za mbao,
uzito wa debe la mahindi.
Ilikuwa ya baa moja ya Ahero,
ikiwaimbia wavuna mpunga kila mwisho wa mwezi
hadi mwenye baa akaokoka, akaiuza pamoja na viti.
Kitufe cha sauti ukikizungusha kinakwaruza
kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema ukweli.
Spika ya kushoto ina kigugumizi.
"Kapasita tu," asema Ogalo, "elfu mbili na mia tatu,
nyar Seme, na itakuzika."

Ya pili iko dukani kwa Muyale, nyuma ya kioo,
nusu mkate kwa ukubwa, nyeusi, haina hata alama ya kidole.
Inashika simu bila waya, inakula stima kidogo,
ina dhamana ya mwaka mzima, yenye muhuri.
Muyale alinisomea wati,
akanisomea asilimia za kasoro, sifuri nukta sifuri sifuri,
kama daktari anayesoma vipimo vya mtu asiye na ugonjwa.
Mimi ni muuguzi. Vipimo vya namna hiyo navijua.
Nawajua pia wenyewe.

Lakini sitaki kuionea.
Nilikwenda kote kuwili na santuri ileile, ya benga, yenye kovu.
Kwa Muyale nilisikia nisichowahi kukisikia miaka yote:
kidole kikiteleza juu ya waya wa gita,
mtu nyuma akivuta kiti.
Nikageuka kumtazama.
Kwa Ogalo kiti kilinyamaza,
ila besi ilikuja ikakaa kwenye mfupa wa kifua
ikaniuliza kama nimekula.

Ni kweli, chumba ni kidogo.
Upande wa pili wa ukuta analala mtoto wa Nafuna,
na ukuta wenyewe ni mbao za kuhesabu misumari.
Nikitoka zamu ya usiku, saa mbili asubuhi,
sauti nitaifungua hadi moja, labda moja na nusu.
Nani hununua fahali amfunge kando ya kitanda?
Dada yangu Atoti aliniuliza hivyo kwa simu,
akaongeza: na tokeni za stima utanunua na nini?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na orodha
nyuma ya karatasi ya dozi. Ya Muyale ilishinda, saba kwa tatu.

Alhamisi nikapita Kibuye kumwambia Ogalo hapana.
Mvua ilikuwa inatoka ziwani, ile ya saa kumi isiyobisha hodi.
Alikuwa ameiwasha, chinichini,
mwimbaji yuko katikati ya jina la mtu,
stima ikapotea soko zima.
Mashine ya kusaga ikakata. Redio ya kinyozi ikakata.
Ya Muyale ingekata pia, kama mdomo uliozibwa.
Ile kuukuu haikukata.
Ilikuwa na pumzi mbili zimebaki tumboni,
ikalimaliza jina taratibu,
likizidi kushuka, likizidi kushuka,
ndipo ikanyamaza.

Ogalo hakuinua uso. "Kapasita kubwa," alisema,
akatafuta tochi.

Nimekaa na watu wengi katika sekunde zile.
Wengi hawakufika mwisho wa jina.

Nikampa arbuni, elfu moja, noti zenye unyevu.
Zilizobaki mwisho wa mwezi.
Kabati la shangazi nimempa Nafuna.