Moto Haupo

Nyuma ya stesheni ya Kamisuga,
ambako treni la leo hupita mara tano kwa siku,
behewa moja tu, na wanafunzi wanaosinzia,
kuna banda la nusu duara. Matofali yake
yalikula masizi miaka sitini
na hayajatapika.

Humo zimelala injini saba, nyeusi tii,
na mimi, mfamasia Jumatatu hadi Ijumaa,
Jumamosi huvaa ovaroli nikaenda kuzipaka mafuta
kwenye viwiko, kwenye magoti,
kote ambako chuma kilisugua chuma.

Kibao kinasema: tani sabini na nane.
Kinataja mwaka wa kuundwa, mwaka wa kustaafishwa.
Hakisemi kwamba ngazi ya kupandia imelika katikati
kwa buti za watu wasiozidi kumi,
wala kwamba mpini wa mlango wa tanuri
umeviringishwa kitambaa,
na fundo lake ni la mtu wa mashoto.

Ni fundo la Bwana Kuwabara.
Ana miaka themanini na sita; sikio la kushoto
alilisahau ndani ya handaki.
Alikuwa mchochea moto. Mkewe, Fusae,
alifua mashati yake kando na ya watoto,
na maji ya tatu bado yalitoka meusi.

"Makaa hayatupwi," hunifundisha,
"makaa hupandwa. Moja kushoto. Moja kulia.
Moja nyuma kabisa, kwenye kona inayojificha.
Beleshi ligeuke mwishoni,
kama kiganja cha mtu anayekataa chai."
Kilima cha Nagaore kilikuwa na mahandaki kumi na moja.
Walijifunga taulo mbichi puani
wakayahesabu kwa kikohozi.

Mwaka huu manispaa ilipata fedha kidogo.
Mabomba ya boila yameoza, wakasema wakaguzi,
moto haupo, wala hautakuwapo.
Basi akaja kijana Asakura na kompresa,
kubwa kama jokofu, juu ya kigari cha magurudumu manne.
Upepo utasukuma pistoni.
Mita arobaini mbele, arobaini nyuma.
Yeni mia mbili kwa mtoto.

Siku ya uzinduzi mvua ilinyesha.
Filimbi ikalia, nyembamba,
sauti ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.
Halafu gurudumu. Halafu gurudumu.
Palipo moshi pana moto, nilifunzwa hivyo;
sikufunzwa la kusema kwa mwendo usio na moshi.
Nililia, sitaficha. Watu walipiga makofi
na miavuli mikononi, makofi ya upande mmoja.

Iliporudi ikasimama, Bwana Kuwabara
akaweka kiganja kwenye tumbo la boila.
"Baridi," alisema.
Hakusema kwa hasira. Alisema kama mama
anayegusa paji la mwanawe alfajiri,
asijue ashukuru au aogope.

Mtoto mwenye koti la njano akamvuta mkono:
"Babu, inakula nini?"
Alifikiri muda mrefu.
"Siku hizi? Upepo."
"Inashiba?"
Lakini mtoto alikuwa upande wa kushoto.

Safari ya pili alipanda.
Mguu ukapata shimo lake kwenye ngazi
bila kuangalia. Akachukua beleshi,
akafungua mlango wa tanuri, na ndani
kulikuwa na giza safi, lililofagiliwa.
Moja kushoto. Moja kulia.
Beleshi tupu likageuka mwishoni.
Goti lilimkatalia, akalilazimisha.
Asakura, mkono kwenye breki, alinitazama;
nikatikisa kichwa: mwache.

Moja nyuma kabisa, kwenye kona inayojificha.

Pale ambapo kilima kingeanza, tukafunga breki.
Kompresa ikazimwa.
Ndipo tukaisikia mvua juu ya mabati,
na pumzi yake yeye, nzito,
ndiyo pekee iliyokuwa na mvuke.