Mizani ya Kahawa

Lango la Machame walinipimia mzigo:
kilo ishirini, isizidi, ndipo upite.
Mimi mwenyewe hakuna aliyenipima.
Ugali uliingia, mlima ukauchoma wote
kabla hatujaiona Shira.

Leo nimepandishwa kwenye mizani ya kahawa,
hapa chama cha msingi, Uru,
maana ile ya zahanati haina pa kuweka magurudumu.
Karani Ndelilio anasoma: mia moja na tatu.
Toa kiti, kumi na tisa.
Toa blanketi, anasema, nusu.
"Nikuandikie daraja gani?"
Wakulima wanacheka juu ya magunia yao, nami nacheka,
ila namba haicheki: themanini na tatu na nusu.
Nilipoanguka nilikuwa sitini na mbili.

Bi Ndeonasia wa hospitali hakuzunguka:
"Miguu yako ndiyo iliyokuwa mlaji mkubwa.
Sasa imelala. Aliyelala haombi chakula,
wewe bado unampakulia."

Nani akamwambie hivyo Aikande?
Mwaka ule nilipobaki mifupa
alinirudisha kwa mtori, kijiko kwa kijiko,
akinisemesha Kichagga kama mtoto mchanga.
Shavu liliporudi alipeleka shukrani kanisani,
mkungu mzima wa ndizi.
Leo nimwambie, punguza?
Na majirani: kaanza kumbania mgonjwa.

Nilimwambia usiku, akinigeuza ubavu.
Mkono mmoja chini ya nyonga, mwingine begani.
Akasukuma. Sikwenda.
Akasukuma tena, nikaisikia pumzi yake.
"Mke wangu," nikasema, "mzigo umezidi."
Hakujibu.
Akakagua ngozi kwa tochi ya simu,
pale ninapokalia mfupa nisiousikia,
akapaka mafuta, akazima.

Asubuhi sahani ilikuwa ile ya bluu, ya mtoto, yenye ufa.
Mnafu tele, maharage, ndizi mbili.
Nikazitazama ndizi zile
kama mtu aliyetumwa mbali
akapewa nauli ya kwenda tu.
Aikande alikuwa akiosha sufuria, mgongo kwangu,
sufuria ileile, muda mrefu.
Nikala polepole. Nikasema, tamu.

Mabega yamezoea: hadi kanisani na kurudi,
kilima cha kurudi nakipumzikia mara tatu.
Ila njaa haijapata habari za ajali.
Bado inaamka saa kumi alfajiri,
inakaza kamba za viatu,
inaniuliza leo tunapandia lango gani.