Kadi ya Korvald

Tulikuwa wanne, na waovu mia tatu na sita,
kila mwovu na kadi yake,
kila kadi na kona moja tupu
inayosubiri neno.

Alhamisi, chumba cha nyuma cha maktaba ya Hervanta,
saa kumi alasiri na nje kumeshakuwa usiku.
Novemba ya Tampere haina adabu,
huzima jua watu hawajavua hata makoti.

Wengi hawakutusumbua.
Jitu linalomeza miji kwa sababu lina njaa: Mnyama.
Waziri anayemtilia mfalme sumu kwenye asali: Mlafi wa Kiti.
Roboti lililoambiwa lilinde bustani
likawamaliza watunza bustani,
hapo tulibishana mpaka kahawa ikapoa,
Ilmo akisema chombo hakina dhambi,
Raisa akisema chombo kilichojifunza kuchagua si chombo tena.
Tukaliandika Tiifu. Raisa akanuna,
akautafuna mkate wa iliki kana kwamba anamtafuna Ilmo.

Kisha ikaja kadi ya Korvald.

Mliocheza mnamjua: bawabu wa lango la kaskazini,
ngazi ya tisa, usiku wa kuzingirwa.
Anaweka funguo mezani, taratibu, zisilie,
anainama, anapita kijilango cha mbuzi,
haagi,
na kulipokucha mji ni moshi,
na mdogo wake yuko juu ya ukuta anaita jina moja.

“Msaliti,” alisema Ilmo, kalamu wazi.
“Kikulacho kilikuwa nguoni mwao.”
“Msaliti huuza,” alisema Raisa. “Huyu alilipwa nini?”
“Basi Mwoga.”
“Mwoga hukimbia huku akitazama nyuma. Nimehesabu:
hatua arobaini na moja kwenye theluji, hageuki.”
Kisha akatoa silaha yake ya mwisho:
katika toleo la kwanza, la Kijapani, Korvald ana sentensi moja,
waliikata baadaye, hakuna ajuaye kwa nini.
Lango ni zito. Basi.
“Kilichokatwa si ushahidi,” alisema Ilmo.
“Kilichokatwa ndicho ushahidi!”
Mkutubi akagonga ukuta.

Sohvi hakuwa amesema neno tangu mkate.
Alikuwa anageuzageuza kikopo cha pipi za chumvi
ambamo, sote tunajua, hamna pipi.
Mna kumbukumbu ya mchezo wa kaka yake, kipande cha plastiki,
saa sitini na mbili za Aarne,
zimesimama mbele ya lango la kaskazini.

“Kuacha funguo mezani si kuuza,” alisema.
“Wala si kukimbia. Ni kurudisha.”

Ilmo alifunga kalamu.
Aarne yuko Norwei, husemekana, kwenye kiwanda cha samaki.
Mwaka wa sita huu. Mama yao bado anawekwa kitako
na kulazwa na mikono miwili tu, ya Sohvi.
Funguo zake zilikutwa jikoni, kando ya bakuli la sukari.

Sohvi akaandika mwenyewe, kwa penseli: Walioondoka.
“Kundi la mtu mmoja si kundi,” alisema Ilmo, lakini kwa upole,
kama mtu anayeomba radhi kwa kikohozi.
“Litajaa,” alisema Raisa.

Mimi ndiye mwandishi wa kikao. Kazi yangu ni kufunga kadi kwa mpira,
kuandika tarehe, kuzima taa.
Sikuwaambia nani aliendesha gari asubuhi ile,
nani alipakia begi la kijani
na kumnunulia msafiri kahawa kituoni,
akaahidi kufunga mdomo, akaufunga kweli.
Katika waovu wetu mia tatu na sita
nimewatafuta wenye usukani. Hawamo.
Michezo haiwachori.

Nje, Sohvi alinishika mkono, barafu ilikuwa inateleza.
“Wewe ungemwekaje?” aliniuliza.
Nikatazama njia. Nikahesabu hatua.
Nilifika thelathini na kitu, nikapotea.