Sikio la Kulia

Tulifika Ijumaa, jua limeshaegemea misonobari,
tukapata nafasi namba tisa, ile isiyotakiwa na mtu
maana choo kiko mbali na maji yako karibu mno.
Baba akatia dola kumi na mbili kwenye bahasha,
akaandika namba ya gari,
akaidumbukiza katika sanduku la chuma
na kusimama kidogo, kama anayesubiri risiti.

Hema lilikuwa la binamu yake, Hjalmar,
lilinuka stoo na panya wa zamani.
Fito zilikuwa saba, zilitakiwa nane.
Ya nane tuliichonga kwenye tawi la mwerezi lililoanguka.
Dada yangu Lavonne akashika, mimi nikagonga vigingi kwa jiwe,
nikajigonga kidole, nikakimeza kilio
kwa kuwa tuliagana garini:
safari hii, hakuna kulia.

Kiwanda cha mbao kilifungwa mwezi wa Machi.
Miaka ishirini na mitatu baba alisimama pale,
msumeno ukiwa kushoto kwake,
na msumeno ukalila sikio hilo taratibu,
bila damu,
kama mchwa anavyokula mhimili.
Sikio la kufa halisikii dawa;
la baba halikusikia hata jina lake.
Ukiwa na neno naye ulimzunguka,
ukapita mbele yake kama gari linalotafuta maegesho,
ukatua upande wa kulia.

Tulikula soseji zilizoungua nje na baridi ndani.
Bi Arlys, mlinzi wa kambi, akaja na tochi na mbwa mwenye kiwete:
chakula chote sandukuni, alisema, hata dawa ya meno,
dubu wa Idaho anapenda mnanaa kuliko nyama.
Alisemea upande wa kushoto.
Baba akatabasamu, akaitikia kwa kichwa,
akamwambia, ndiyo, usiku mwema na kwako.

Nyumbani baba alikuwa na ujanja wake wa kulala:
lile sikio zima alilizika kwenye mto,
lile lililokufa akaliacha juu, lilinde mlango.
Hapo dunia ilizima kama redio.
Simu za benki zililia, mama alifunga masanduku yake,
akaondoka alfajiri moja ya Mei na viatu mkononi
(ingawa angeweza kuvivaa),
na baba yuko chini kabisa, kwenye ukimya wake, analala.

Usiku ule sikupata usingizi.
Mizizi chini ya mgongo wangu, pumzi za Lavonne,
na kile kijito, hatua sita kutoka vichwani mwetu,
kinajikwaa kwenye mawe, kinainuka, kinaendelea,
hakiombi radhi.
Nikamwona baba anageuka.
Sijui kama ni jiwe lililomchoma ubavuni
au ni baridi.
Aliuacha mto mmoja, akaugeukia mwingine,
sikio la kulia likabaki wazi, juu, gizani.

Akawa kimya muda mrefu.
Kisha, kwa sauti ya mtu asiyejua sauti yake ina ukubwa gani:
"Haya maji huwa yanasema hivi usiku kucha?"
Lavonne, nusu yuko ndotoni:
"Hayana pa kulala."

Sikuongeza neno.
Nilihesabu, sijui nilikuwa nikihesabu nini,
nikafika mia nne na kitu.
Mfuko wake wa kulalia ulitikisika mara moja,
ukatulia, ukatikisika tena.

Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu.
"Moshi," alisema.
Lavonne akanitazama.
Moto tuliuzima saa tatu, kwa ndoo mbili za maji,
hata majivu yalikuwa uji.
Tukazunguka, tukatua upande wa kulia,
tukamwambia ni kweli, moshi wa mwerezi ni mkali.
Kisha tukafungua lile sanduku la dubu
tukamtafutia dawa ya meno.