Menyu Isiyo na Bei

Nimepewa menyu isiyo na bei.
Ya mwenyeji wangu, mwanachama nambari mia mbili na saba, ina bei;
yangu ina majina tu, kwa herufi za mkunjo,
kana kwamba samaki hawa hawajawahi kulazwa kwenye mizani
wala kugombewa na mtu pale Marikiti.
Ndiyo desturi, asema. Mgeni halipi,
kwa hiyo mgeni hana haja ya kujua.

Naujua ukumbi huu, nami sijawahi kuuingia.
Naijua panka yenye ubawa unaolia,
nguzo ya tatu yenye ufa,
mlango wa jikoni unaosukumwa kwa nyonga
kwa kuwa mikono imejaa sahani.
Baba alivihamisha vyote hadi chumbani kwetu Kibokoni,
usiku baada ya usiku, kwa mdomo,
viatu mkononi, soksi zikinuka siki.

Miaka thelathini na mmoja,
aliingilia mlango wa magunia ya makaa.
Alitufunza adabu za meza, nasi hatuna meza:
alitandaza magazeti juu ya jamvi,
uma kushoto, na kulia rula yangu ya shule, ndiyo kisu.
"Usiteke na chakula kinywani.
Ukishiba vilaze sambamba, saa kumi na mbili na nusu,
mtumishi ajue bila kuuliza."
Mama, mwiko mkononi:
"Athmani, na sima hii taimega kwa uma?"

Waja kamba watatu juu ya kigae cheusi.
Watatu, wamelala mbalimbali kama waliokosana,
na povu la ukwaju pembeni.
Jina lao ni refu kuliko wao.
Naonja. Kumbe ni kamba wa kupaka,
tui la kwanza, bizari, ndimu,
ila pilipili imeachwa nje, pamoja na madereva.

Wa maana, nasema, nilipoulizwa.
Na kweli ni wa maana. Wangekuwa wabaya
ningepata nafuu.

Sasa aligusa lile ghala. Aligusa tu,
kama mtu anayeondoa unyuzi begani mwa mwenzake.
Ghala la Shimanzi, lililoungua Machi.
Ripoti yangu ndiyo itakayosema moto ulianzia wapi:
kwenye waya, au kwenye kiberiti.
"Wewe ni mtu wa kuelewa," akasema,
akanijazia glasi maji yenye jani la mnanaa.

Baba alikuwa akisema
aliwatambua mapema wageni walioletwa kununuliwa.
Vipi, baba?
"Hula mkate mwingi."

Nikatazama kikapu.
Makombo, na kitambaa kilichokunjwa pembe nne.
Mwenyeji wangu hali ngano.

Nikalaza uma na kisu, saa kumi na mbili na nusu.
Mhudumu akaja, Chengo, jina limeandikwa kifuani,
nywele za mvi zimenyolewa karibu na ngozi.
Aliviangalia vile vyombo kitambo,
kisha akaniangalia mimi.
"Naomba," nikamwambia, "ile menyu nyingine."

Mwenyeji akacheka. Kisha akaacha.

Niliisoma kama nisomavyo hesabu za watu, kutoka chini kwenda juu.
Kamba: elfu nne na mia sita.
Maji: mia tano. Mkate haukuandikwa.
Nikafungua mkoba, nikahesabu,
nikaongeza mia mbili za mkate, kwa kukisia.

"Klabu haipokei fedha taslimu, mama,"
Chengo akanong'ona. "Hutiwa sahihi kwenye chiti. Na ni mwanachama tu."
"Najua."
"Na sisi haturuhusiwi bakshishi."
"Hilo pia najua."

Nikaweka kidau cha chumvi juu ya noti
zisipeperuke na ile panka inayolia.
Nilipofika mlangoni niligeuka.
Bado zilikuwa pale, juu ya kitambaa cheupe,
na ukumbi mzima
hamna aliyeruhusiwa kuzigusa.